Kibodi ya Vipande Viwili

Hindu aliingia ofisini, akaona kilichokuwa mezani kwangu, akasimama na funguo mkononi.

"Mama Khaemba, nani ameivunja?"

Lilikuwa swali la haki. Kibodi ilikaa mbele yangu vipande viwili, kimoja kushoto, kimoja kulia, na katikati nafasi ya kutosha kuweka sahani ya mihogo. Waya mmoja mwembamba uliviunganisha. Kila kipande kilikuwa kimeinuka upande wa kidole gumba na kuteremka upande wa nje, kama paa la banda. Nilimwambia haikuvunjika, imezaliwa hivyo. Hindu ndiye mwenye ofisi, na mwenye ofisi ana haki ya kucheka, lakini hakucheka. Aliitazama mikono yangu, kisha akaenda kuwasha mashine ya fotokopi.

Alijua sababu. Wiki iliyotangulia alikuwa amenipa kikombe cha chai nikakipokea vizuri, kikanitoka, na chai yote ikamwagika juu ya tasnifu ya mtu. Si kwamba niliteleza. Vidole vilikuwa vimekizunguka kikombe, mimi mwenyewe nikivitazama, na bado kikombe kilianguka kwa sababu havikuwa na habari nacho. Adong, daktari wa viungo aliyenipima, alinigusa kila kidole kwa ncha ya kalamu na kuniuliza ninahisi nini. Kwenye vidole vitatu vya mkono wa kulia sikuhisi kitu. Akasema mshipa umebanwa kwenye kifundo cha mkono, kwamba miaka yote ile nimekuwa nikiikunja mikono kuelekea nje ili ienee kwenye kibodi nyembamba, na kwamba nibadilishe namna ya kufanya kazi kabla ya mwaka kwisha, au nizoee kuvishwa nguo na watu.

Mimi ni mtu wa Bungoma na sipendi kuvishwa nguo na watu. Nilifika Kampala mwaka tisini na moja, kuta za mji zikiwa bado na matundu ya risasi, ofisi mpya zikifunguliwa kila wiki na kila moja ikimtaka mtu wa kupiga taipu. Tangu hapo sijaondoka Wandegeya. Katika safu hii ya maduka ya uchapaji, ng'ambo ya chuo kikuu, kuna desturi tunayoiita benchi. Mteja haachi karatasi zake akaenda zake. Huketi kwenye benchi ubavuni pako akakusomea, nawe ukachapa bila kutazama vidole wala kumkatiza. Wapo wanaokatiza. Mimi kwa miaka ishirini na tatu sikuwahi kumwambia mteja "ngoja", wala "rudia". Watu walikuwa wakivuka barabara na kupita maduka manne ili wachapiwe nami. Ukisema nilikuwa na kiburi sitakubishia. Nilikuwa nacho, na kilinilipia chumba Bwaise na karo ya mwanangu Khaemba hadi akamaliza.

Na sasa kulikuwa na kitabu cha Maalim Jafar.

Maalim Jafar ni baba yake Hindu. Babu zake walikuja na misafara ya biashara kutoka pwani, wakabaki, na yeye mwenyewe amesomesha watoto wa watu Kurani kwa zaidi ya miaka hamsini. Alikuwa anakaribia themanini alipoamua kusimulia maisha yake, kwa Kiswahili cha nyumbani kwao, na akasema atamsimulia Mama Khaemba tu. Tulikuwa tukianza saa mbili asubuhi, kabla wateja hawajajaa. Alitembea kutoka dirishani hadi mlangoni, mikono nyuma, akisema, nami nikichapa. Kila asubuhi nilimsomea kwanza tuliyoandika jana, akatikisa kichwa kukubali, ndipo tukaendelea. Harudii neno. "Nikirudia nitasema lingine," aliniambia siku ya kwanza. Hindu aliwahi kumwekea simu imrekodi. Aliisemesha kwa dakika tano akaisukuma mbali, akilalamika kwamba kitu hicho hakimtikisii mtu kichwa.

Lililotukosesha usingizi ni kwamba alikuwa ameanza kusahau. Daktari wake alikwisha kumwambia Hindu kwamba kumbukumbu zitapungua, na kwamba zikishaondoka hazirudi. Tulikuwa tumeandika hadi mwaka themanini na tano. Kila wiki ambayo mikono yangu ililala, kuna kitu cha mzee yule kilichokuwa kinapotea njiani.

Kwa hiyo nilijipa wiki tatu niijue kibodi mpya, na nilijipa hizo kwa sababu niliamini moja ingetosha. Miaka ishirini na tatu ya benchi. Kifaa cha plastiki kitanifundisha nini?

Asubuhi ya kwanza nilichapa jina langu, Nabangala, nikapata Naangala. Nikarudia, nikapata Naangala. Herufi zote zilikuwa hapo, zimehama kidogo tu, na vidole vikizitafuta vilizipata. B peke yake ilikataa. Kila nilipoiendea, kidole changu cha shahada cha kulia kilitua kwenye meza, kwenye ile nafasi tupu ya katikati, kikagonga mbao. B ilikuwa imewekwa kwenye kipande cha kushoto, pembeni kabisa, ikinitazama.

Na mji huu, kama hujawahi kuuchapa, umejengwa kwa herufi B. Jaribu kumwandikia mtu anwani bila B. Bwaise, Bukoto, Bugolobi, Kibuye, Kabalagala, Barabara ya Bombo. Kufikia saa sita mchana kidole kilikuwa kimegonga meza hadi kikavimba, na mwanafunzi niliyekuwa namchapia barua ya kuomba kazi alihamia kwa Nakitende, kwenye meza ya pili, kwa adabu, akisingizia kwamba pale kuna hewa zaidi. Niliumia. Sitasema vinginevyo.

Jumamosi Rosebella alikuja kunitazama. Rosebella ndiye aliyeniletea kibodi ile. Ofisi yake ya Ntinda ilikuwa imempa mpya, naye akaniombea hii aliyokuwa akiitumia mwanzo. Ni mwanafunzi wangu. Wengi wa wachapaji unaowaona katika safu hii ni wanafunzi wangu, hawapungui sitini, maana kila jioni kwa miaka mingi nilikuwa nikifundisha taipu kwenye chumba cha nyuma. Alivuta benchi, akaketi, akaniangalia nikigonga meza.

"B inakusumbua, Mwalimu."

"Wameiweka upande usio wake. Waliotengeneza kitu hiki hawajui taipu."

Rosebella hasemi neno kabla ya kulipima. "Mwalimu," akasema, "B ni ya mkono wa kushoto. Imekuwa ya kushoto siku zote."

"Nani kasema?"

"Nilifundishwa hivyo Kisumu, kabla sijaja kwako." Akatazama mikono yake. "Wewe ulinipiga rula kwa ajili yake."

Nilikuwa nimesahau, na papo hapo nikakumbuka. Msichana mwembamba, sketi ya kijivu, kidole chake cha kushoto kikiendea B kila mara, na mimi nyuma yake na rula ya mbao. Nilimpiga wiki nzima hadi kidole kikakoma. Nilijiona namrekebisha.

Halafu nikakumbuka zaidi, na hilo lilikuwa baya kuliko la kwanza. Mashine niliyofundishiwa Bungoma ilikuwa kuukuu, imetupwa na ofisi moja ya serikali, na wenzo wake wa B ulikuwa mzito hivi kwamba kidole changu cha kushoto hakikuuweza. Nikautwanga kwa cha kulia, chenye nguvu. Tulikuwa wanafunzi arobaini kwa mashine sita, mwalimu hakuona. Kisha mashine ile ikabaki Bungoma, nikavuka mpaka, na dawa ya chuma kimoja kibovu nikaifanya sheria kwa watoto wa watu. Kwenye kibodi ya kawaida nani angejua? B iko katikati, mkono wowote unaifikia. Ilibidi mtu aipasue kibodi ndipo kosa langu lionekane.

"Uliumia?" nilimuuliza.

"Niliona aibu," alisema Rosebella. "Kuumia kulikuwa kidogo."

Nilimwomba msamaha. Neno lilinitoka kwa shida, maana sikulizoea mdomoni. Yeye akasema yamepita, akafungua mkoba, akatoa plasta, akanifunga kidole cha shahada cha kulia pamoja na cha kati ili kisiweze kwenda kuiba kazi ya mwenziwe. Nilicheka mwenyewe kuona mkono wangu umefungwa kama wa mtoto mdokozi.

Nilifanya kazi ile kwa hasira nzuri. Nilifika ofisini saa moja, kabla ya Hindu, nikachapa majina ya vitongoji vyote vya Kampala, kutwa mara mia. Nyumbani sina kompyuta, basi nilibeba kibodi kwenye mfuko nikaiweka kitandani na kuichapa ikiwa haijaungwa na kitu. Kanisani nilimchapia mchungaji mahubiri yake yote juu ya mapaja yangu, na kila aliposema Baba, kidole cha kushoto kiliruka. Mama mmoja alinishika mkono akaniuliza kama nina kifafa. Mwisho wa wiki ya pili nilikuwa naandika kama msichana wa mwezi wa kwanza chuoni, polepole, lakini mkono wa kulia ulikuwa umeanza kuhisi ubaridi wa maji. Nilikaa kando ya beseni nikivigusanisha vidole, mmoja mmoja, kama anayehesabu watoto wake waliorudi.

Wakati huo Hindu alikuwa amemweka Nakitende achape kitabu. Nakitende ni hodari wa Kiingereza na Kiganda, ila Kiswahili alikiokota kwa askari polisi wa kituo chetu, na masikio yake hayatenganishi herufi fulani. Siku ya pili Maalim aliposomewa, sura nzima ya karamu ya harusi ya mpwa wake ilikuwa kalamu ya harusi. Alivaa kofia yake akaenda nyumbani.

Jumanne ya wiki ya tatu Hindu alinijia. "Mama Khaemba, sikulazimishi," alisema, na sauti yake ikanilazimisha. "Jana baba aliniita kwa jina la shangazi. Amebaki na mwaka themanini na sita, ndio anaoutaka zaidi ya yote. Hata siku mbili tu, kwa kibodi ya zamani. Kisha pumzika utakavyo."

Ningeweza kumwambia: nitakuja na hii mpya, ila atalazimika kunisubiri. Maneno yalikuwa tayari. Lakini nilifikiri Maalim akisimama katikati ya chumba, akinisubiri mimi, Mama Khaemba, nikitafuta herufi. Nikasema, "Nitakuja na ya zamani."

Jumatano vidole vilirudi kwenye kibodi ya zamani kama ng'ombe wanaorudi zizini. Kwa nusu saa nilikuwa mimi tena, na sitadanganya, nilifurahi. Maalim alitembea, akasema. Januari, mwaka themanini na sita. Risasi zimelia siku mbili. Watu kumi na mmoja ndani ya nyumba nyuma ya soko. Watoto uvunguni, wanawake chumba cha ndani, yeye na mama yake chumba cha mbele. Askari akaupiga mlango teke, akaingia, bunduki juu. "Mama akainuka kwenye mkeka," alisema Maalim, "akamsogelea, na kwa sauti ya chini, kwa Kiswahili, akamwambia..."

Hapo mkono wangu wa kulia ulikufa. Niliona vidole vimesimama juu ya vitufe havishuki. Nikavitikisa, nikavipiga pajani. Maalim alikuwa ameelekea dirishani, hakuona. Niliporudisha mkono, alikuwa akisema, "...askari akashusha bunduki, akaomba maji ya kunywa."

Niseme jambo ambalo wasio wachapaji hawalijui. Mchapaji hodari hasikii. Maneno huingia sikioni yakatokea vidoleni bila kupita kichwani, na ndiyo siri ya kasi. Vidole vilipokufa, maneno ya mama yule hayakuwa na pa kwenda. Nilijitafuta ndani nikaambulia patupu.

Ilikuwa kumwambia tu: rudia, Maalim. Neno moja. Badala yake nikaandika, kwa kidole kimoja, "Mwanangu, hapa hakuna adui yako." Sijui nililitoa wapi. Lilionekana kama neno ambalo mama angeweza kusema.

Kesho yake nilimsomea. Nilipofika pale nilipunguza mwendo, nikamngoja anikatize. Maalim alisimama. Macho yakamjaa maji. "Ndiyo," alisema. "Ndivyo alivyosema. Hapa hakuna adui yako."

Alikuwa amelipokea. Alilichukua neno langu la uongo akaliweka kinywani mwa mama yake, mbele yangu, na mimi nikageuza ukurasa. Ijumaa, baada ya sala, aliwasimulia wajukuu, wakalikariri. Jumamosi Hindu aliniambia kwa furaha kwamba wanataka lichapwe peke yake kwenye ukurasa wa mwanzo wa kitabu. Nikamuuliza kama yeye alilisikia siku ile. "Nilikuwa uvunguni, nimeziba masikio," alisema. "Tulionusurika kwa neno lile ni watu kumi na mmoja, na aliyelisikia ni baba peke yake."

Jumapili sikuenda kanisani. Nilikaa Bwaise mlangoni nikiitazama mikono yangu, nikijiuliza inanifaa nini kama imefika hapa. Kasi ilikuwa yangu, na heshima ya kasi ilikuwa yangu. Neno lilikuwa la mtu mwingine, na ndilo nililolitoa ili nibaki na vyangu.

Jumatatu nilifika na mfuko. Nikaiweka kibodi ya vipande viwili mezani, nikaisukuma ile ya zamani chini ya meza. Maalim alikuja na Hindu. Sikungoja aketi.

"Maalim, neno la mama yako ni la kwangu mimi. Mkono ulikufa ganzi, sikuliandika. Nikatunga."

Hindu ndiye aliyesema kwanza. "Umefanya nini, Mama Khaemba?" Hakupaza sauti. Ningependa angepaza.

Maalim alikuja karibu na meza. "Na alilosema?" akauliza. "Lilikuwa lipi?"

"Sijui, Maalim. Nilidhani unalo wewe."

Alifumba macho. Midomo yake ilicheza. "Akainuka kwenye mkeka," alisema polepole. "Akamsogelea. Akamwambia..." Tulingoja. Mashine ya fotokopi ilikuwa ikinguruma peke yake. "Akamwambia, hapa hakuna..." Akakatiza. Akatikisa kichwa kwa nguvu, kama anayemfukuza nzi. Alijaribu tena, na tena neno langu ndilo lililokuja, limekaa mlangoni pa jingine na halitoki.

Niliona alipolikubali. Mabega yalimshuka kidogo tu.

"Baba," alisema Hindu, "tutafute mtu mwingine."

"Tumtafute nani? Ambaye akikosa hataniambia?" Akanigeukia. Hasira ilikuwepo usoni mwake, wazi, na sikuomba iondoke. "Lifute."

Nikalifuta, herufi moja moja.

"Acha mstari mtupu. Usiweke kitu." Nikauacha. "Sasa andika. Sijamaliza na mwaka ule, na sina muda."

Alielekea dirishani, mikono nyuma. "Askari alikuwa kijana," alisema. "Alishika bunduki kwa mikono yote miwili, na mama alipokwisha kusema, aliishusha taratibu, hivi, hadi mtutu ukagusa sakafu, kisha akaomba..."

Nilikuwa nyuma sana. Nilikuwa nimefika kwenye kijana. Lakini safari hii, kwa kuwa vidole havikuwa na haraka ya kuyanyakua, niliyasikia yote. Nilimwona yule mtoto wa watu na mikono yake miwili.

"Ngoja, Maalim," nilisema.

Alisimama katikati ya chumba. Hindu aliacha alichokuwa anafanya. Mkono wa kushoto ukaenda, ukarudi. Mkono wa kulia ukafuata. Vitufe vililia kimoja kimoja, na katika chumba kile kila kimoja kilisikika.

"Umefika wapi?" aliuliza Maalim.

"Kwenye bunduki."

"Bado iko juu?"

"Inashuka, Maalim."

"Basi nakungoja," alisema, akavuta benchi, akaketi ubavuni pangu.